Mashine imefika Otonglo, usingizi bado

*Wanaokatika pumzi wakiwa wamelala wanaanza kurudi nyumbani na mashine za CPAP, za kusukuma hewa puani. Kuzizoea ni kibarua kingine, na katika ukanda wa ziwa wengi wanakifanya bila msaada wa mtu.*

Saa tano za usiku malori yangali yananguruma katika barabara ya Kisumu–Busia. Nyuma ya soko la Otonglo, katika nyumba ya vyumba viwili, dereva mstaafu wa trela ameketi ukingoni mwa kitanda akijaribu kukaza kamba za barakoa kisogoni. Mpira wa kijivu unatoka puani, unapita begani hadi kwenye mashine ndogo iliyowekwa juu ya stuli. Akiiwasha, hewa inaanza kuvuma taratibu.

Mkewe naye ana kazi yake, ya chandarua. Mpira ukipitishwa chini ya pindo, pindo huinuka na mbu huingia. Siku za mwanzo waliumwa hadi wakaizima mashine na kulala vivi hivi, maana malaria wanaijua kuliko huu ugonjwa mpya. Sasa mpira umening'inizwa kwa kipande cha leso kwenye msumari ulio juu ya kitanda. Unaingia ndani ya chandarua kutokea juu, na tundu limebanwa kwa vibanio vya nguo.

Mbinu hiyo waliibuni wenyewe. Walikonunua mashine walioneshwa kitufe cha kuwasha na cha kuzima, basi.

Nilikwenda Otonglo na swali moja: inakuwaje mtu atumie akiba ya miaka kununua kifaa cha kumwezesha kupumua usiku, kisha ashindwe kukivaa? Jibu nililolipata ni kwamba mashine hufika peke yake. Mtu wa kukaa na mgonjwa katika wiki zile za kwanza hafiki nayo.

Pumzi inapokatika

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea kiasi kwamba njia ya hewa inazibika kabisa. Kifua kinaendelea kuhangaika, hewa haipiti, oksijeni katika damu inashuka, na ubongo unashtuka kumwamsha mwenyewe kwa sekunde chache. Anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali hafifu, 15 hadi 29 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Matukio 30 kwa saa maana yake ni kwamba mtu anashtuliwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili kwa viwango mbalimbali. Wengi wao hawajui, kwa kuwa shahidi wa ugonjwa ni yule anayelala kando yao.

Na shahidi huyo mara nyingi hasikilizwi. Katika nyumba nyingi za kwetu kukoroma huchukuliwa kuwa ni uchovu wa mtu mchapakazi, au dalili ya aliyeshiba vizuri. Mke akisema mumewe hunyamaza ghafla usiku kana kwamba amekata roho, huambiwa aache kuwa na wasiwasi. Akichoka anahamia kwenye kochi la sebuleni, na mambo yanaishia hapo.

Kumbe dalili za mchana zipo. Kichwa kinauma asubuhi. Usiku mtu anaamka mara kwa mara kukojoa, na akipimwa sukari inaonekana sawa. Anasinzia kanisani, anasinzia kwenye matatu, anasinzia akiwa mazungumzoni. Shinikizo la damu linakataa kushuka hata akimeza dawa za aina tatu. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Ni wangapi kati yao wamewahi kuulizwa kama wanakoroma?

Hewa tu, wala si oksijeni

Kabla ya mwaka 1980 tiba ya uhakika ilikuwa ya kutisha: kutoboa tundu kwenye koo ili hewa ipite huko. Mwezi Juni mwaka huo, jijini Sydney, Australia, mgonjwa mmoja aliyekuwa katika hali mbaya alikataa kutobolewa. Daktari wake, Colin Sullivan, akamwomba ajaribu barakoa iliyounganishwa na kipulizia hewa. Mgonjwa alilala kwa saa kadhaa mfululizo bila pumzi kukatika. Matokeo ya wagonjwa watano wa mwanzo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1981. Barakoa za wakati ule zilibandikwa usoni kwa gundi kila usiku, kwa hiyo anayelalamikia kamba za leo ajue kwamba wenzake walivumilia zaidi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mashine huvuta hewa ya chumbani, huichuja na kuisukuma puani kwa nguvu kidogo, kiasi cha kulizuia koo lisizibe. Haiongezi oksijeni.

Jambo hili linahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu tangu wakati wa korona kila mpira unaoingia puani huonekana ni wa chumba cha wagonjwa mahututi. Jirani akiuona anaeneza habari kwamba fulani anaishi kwa mashine. Wageni wanaanza kuja na maombi. Wapo wanaoificha kabatini kila asubuhi kabla mtu hajabisha hodi, na kifaa kinachofichwa kila asubuhi ni rahisi kusahauliwa usiku.

> Jirani akiuona mpira anaeneza habari kwamba fulani anaishi kwa mashine.

Siku saba za kwanza

Tafiti za Marekani tangu miaka ya 1990 zimerudia jambo lile lile: atakayeizoea mashine na atakayeiacha huanza kutofautiana ndani ya wiki ya kwanza. Moja ya tafiti hizo, ya mwaka 1993, ilificha kihesabio cha saa ndani ya mashine na kukuta kwamba chini ya nusu ya wagonjwa walikuwa wakiivaa angalau saa nne kwa asilimia 70 ya siku. Kipimo hicho cha saa nne ndicho kinachotumika hadi leo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ndiyo ya kuwekewa nguvu. Na hapo ndipo familia za Otonglo, Kisian na Kogony zinapoachwa zijitegemee.

Tuanze na barakoa. Zipo za pua pekee, zipo za vijiti laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua, na zipo zinazofunika pua na mdomo. Anayelala mdomo wazi akipewa ya pua, hewa yote itatokea mdomoni na ataamka koo limekauka. Mwenye ndevu nyingi akipewa inayofunika uso, hewa itavuja pembeni. Mgonjwa hujaribu kutibu uvujaji kwa kukaza kamba. Anakaza hadi ngozi inachubuka juu ya pua, na hewa inazidi kuvuja, maana mto wa barakoa ukibanwa sana hukunjika. Barakoa hurekebishwa mtu akiwa amelala chali na mashine ikiwa inapuliza, kwa sababu uso wa aliyesimama mbele ya kioo si ule wa aliyeweka kichwa kwenye mto.

Halafu kuna hofu. Hewa inapoanza kusukuma, mtu hujihisi kama aliyetoa kichwa nje ya dirisha la matatu iendayo kasi: hewa ni tele, lakini kuitoa pumzi ndiyo shida. Wengine huhisi wanafungwa, moyo unawaenda mbio, wanaing'oa. Wataalamu wa usingizi hushauri kuanza mchana, ukiwa macho. Shika barakoa usoni bila kamba, dakika chache. Kesho yake ivae ukiangalia taarifa ya habari. Siku nyingine iwashe mashine ukiwa kitini. Mashine nyingi pia zina mpangilio wa kuanza kwa hewa ndogo na kupandisha polepole mtu anapopitiwa na usingizi. Yule dereva mstaafu alikuwa hajui kwamba yake ina mpangilio huo. Binti yake ndiye aliyeugundua akichezea vitufe, na usiku ule, kwa maelezo ya mama yake, mzee alilala hadi alfajiri.

Ukiamka usiku wa manane ukute barakoa iko sakafuni, ivae tena. Hata saa mbili zilizobaki zina faida.

Tumbo kujaa hewa, pua kuziba, macho kukauka kwa hewa inayovujia juu: haya yote yana dawa yake, na karibu yote ni marekebisho madogo. Mgonjwa asiyejua hilo hufikiri kwamba mashine imemkataa.

Vumbi, moshi na maji

Vitabu vya maelezo huandikwa kwa kufikiria chumba kingine. Havizungumzii chandarua, wala jiko la makaa lililoingizwa ndani wakati wa mvua, wala dawa ya mbu ya kuchoma.

Hili la moshi lina hatari. Mashine huvuta hewa iliyo karibu nayo. Dawa ya mbu ikiwashwa chini ya stuli, moshi wake unasukumwa moja kwa moja hadi mapafuni, na kichujio kilichomo huzuia vumbi lakini hakizuii gesi. Jiko la makaa halifai kuwa katika chumba cha kulala kwa mtu yeyote, mwenye mashine na asiye nayo. Nyumba za kando ya barabara zina vumbi jingi, na kichujio hubadilika rangi upesi. Kikaguliwe kila wiki.

Kuhusu maji ya kile kitangi cha kulainisha hewa, watengenezaji hutaka yaliyotoneshwa. Ya bomba au ya kisima huacha magadi na huweza kubeba vijidudu. Mtu asitumie maji ya betri kutoka kituo cha mafuta. Chupa za asidi na za maji hufanana, na hayo maji yenyewe hayakutengenezwa kwa ajili ya pua ya mtu. Yaliyotoneshwa yakikosekana kwa siku moja mbili, yaliyochemshwa yakapoa ni afadhali, kisha yamwagwe asubuhi na kitangi kikaushwe. Na hapa ziwani, ambako hewa ina unyevu wake, wapo wanaolala vizuri bila kuweka maji kabisa.

Stima ikipotea

Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani zaidi ya mara moja. Agosti 25 stima ilipotea usiku, ikachukua saa nyingi kurudi. Ikapotea tena jioni ya Novemba 11, na jioni ya Desemba 10. Ukiacha hizo kubwa zilizotangazwa, kila mkazi wa Kisumu anajua zile ndogo za mtaani zinazokuja na upepo wa mvua.

Mtu aliye na mashine huamka mara hewa inapokoma. Hakosi hewa kabisa, kwa kuwa barakoa zina matundu, na zile kubwa zina kilango kinachojifungua mashine ikizima. Lakini ni mshtuko, na usiku uliobaki anarudi kule kule alikotoka.

Hesabu ya betri haitishi. Mashine ikizimiwa kipasha maji hutumia takriban wati 30, yaani kama wati-saa 240 kwa usiku wa saa nane. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 50 hubeba wati-saa 600. Ile ya kawaida ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo inatosha usiku mmoja. Fundi wa sola anaweza kuunganisha, ila ahakikishe volti: kuna mashine za volti 12 na za volti 24, na kuzichanganya kunaweza kuziunguza.

Kinachowasumbua zaidi watu wa huku ni safari za mazishi. Familia ya Otonglo ina dala, yaani boma la ukoo, Seme, Alego au Ugenya, na msiba ukitokea watu wanakesha na kulala huko kwa siku kadhaa. Mashine inabaki Kisumu. Kwenye matanga kuna usiku wa kukatika usingizi, kuna pombe, kuna kulala chali kwenye mkeka, na vyote hivyo huzidisha ugonjwa. Mgonjwa anarudi Jumapili akiwa hoi, na kuanza upya Jumatatu ni kugumu. Betri ndogo na begi la mashine vingekuwa sehemu ya mizigo ya msiba, kama zilivyo dawa za presha. Asiyeweza kubeba alale ubavu, kichwa kimeinuka, na aache pombe.

> Mashine inabaki Kisumu. Mgonjwa anarudi Jumapili akiwa hoi.

Zinazokuja kwa masanduku

Mashine mpya na barakoa yake inaweza kufika shilingi laki moja na zaidi, na mto wa barakoa huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana ndugu walioko Marekani na Uingereza wanaombwa watume iliyotumika.

Nia ni njema. Lakini Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake za usingizi, kwa sababu sifongo ya kupunguza kelele iliyokuwa ndani iliweza kuchakaa na kutoa chembe na gesi ambazo mgonjwa angezivuta. Zilizohusika zilitengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili 2021, baadhi ya DreamStation zikiwamo. Anayeletewa mashine ya namna hiyo akague namba yake kabla ya kuivaa.

Kuna jingine. Mashine iliyotumika hubaki na mpangilio wa mwenyewe wa kwanza. Nguvu ya hewa iliyomfaa mtu wa kilo 130 kule Minnesota inaweza kumtesa shangazi wa Otonglo tumboni, au ikawa ndogo isimsaidie. Mashine ya mtumba bila mtu wa kuipanga upya ni nusu ya msaada.

Nani alipe, na je, inafaa?

Wapo wanaosema fedha za kununulia mashine hizi zingeelekezwa kwingine. Wana hoja. Mwaka 2016 utafiti mkubwa uitwao SAVE, wa watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au kiharusi, ulionesha kwamba waliopewa CPAP hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko wenzao. Wengine husema mtu apunguze uzito kwanza, na ni kweli uzito una nafasi yake: kupungua asilimia 10 kunahusishwa na matukio kupungua kwa karibu robo.

Lakini katika SAVE wagonjwa walivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na waliokuwa wakisinzia kupindukia hawakuingizwa. Hata hivyo usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa bora. Na wapo wembamba wanaokatika pumzi kwa sababu ya umbo la taya au tonsili. Mgonjwa anayesinzia akiendesha gari hawezi kungoja miezi ya kupunguza uzito. Afanye yote mawili pamoja.

Familia nazo zinauliza nani atalipa. Bima ya afya ya taifa ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sheria yake ya mwaka 2023 iliunda mifuko mitatu, mmoja ukiwa wa dharura, maradhi sugu na mahututi. Apnia ya usingizi ni maradhi sugu. Kwa maoni yangu mashine ya nyumbani, kipimo chake na ziara za kufuatilia vinastahili kuhesabiwa humo kwa pamoja. Kulipia mashine bila ufuatiliaji kungejaza mashine chini ya vitanda.

Usukani na usingizi

Otonglo iko kwenye njia ya malori yaendayo mpakani Busia. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Sheria hiyo huhesabu saa za usukani. Haiulizi kama saa za kulala zilikuwa za kulala kweli. Dereva mwenye apnia kali anaweza kukaa kitandani usiku mzima na kuamka akiwa hajapumzika.

Madereva wanaojishuku hunyamaza, kwa hofu ya kunyang'anywa kazi. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwajiri akisikia ugonjwa wa kusinzia hufikiria kwanza gari lake. Ila dereva anayetumia mashine vizuri ana rekodi ndani ya mashine yenyewe, ya kila usiku na kila saa, ambayo mwajiri anaweza kuoneshwa. Hata safarini anaweza kuitumia: umeme wa lori ni wa volti 24 na kitanda kiko nyuma ya kiti. Kampuni za usafirishaji zingenufaika kumtibu dereva mzoefu kuliko kumfukuza.

Mahali pa kuanzia

Vipimo kamili vya usingizi kwa miaka mingi vimekuwa vikifanyika Nairobi zaidi, na nauli peke yake imewazuia wengi. Kutambua anayestahili kwenda hakuhitaji Nairobi. Orodha ya STOP-Bang, iliyotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008, ina maswali manane tu: kukoroma, uchovu, aliyeona pumzi ikikatika, presha, uzito, umri, unene wa shingo na jinsia. Shingo iliyozidi sentimita 40 ni alama moja. Kliniki ya presha katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia, au zahanati yoyote ya kando ya barabara, inaweza kuyauliza kwa kalamu na utepe wa fundi cherehani. Ni vyema mke au mume awepo, ajibu lile la pumzi.

Na kwa wale walio na mashine tayari, muuguzi mmoja mwenye simu angebadilisha mengi. Anayeondoka na mashine Ijumaa apigiwe Jumatatu, kisha tena Ijumaa. Aulizwe aliivaa kwa saa ngapi, hewa inavujia wapi, chandarua kimefungwaje, na kama stima ilipotea.